Upande Usiopindwa

Siku khanga zilipofika Kisarawe, Swaumu alikanyagwa mguu mara tatu kabla hajauona mlango wa duka. Vita vilikuwa vimezuia nguo kwa miezi mingi, na wanawake wa Pugu, Mzenga na Maneromango walikuwa wamejipanga tangu alfajiri, wengine wamejifunga kaniki zilizopauka mpaka zikawa rangi ya majivu. Swaumu hakuwa mtu wa pale. Alitoka Janga, amekuja kumtazama ndugu mgonjwa pamoja na mama yake mkubwa, Bi Mwanajuma, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Bi Mwanajuma aliposikia habari za khanga, alisema harudi Janga mikono mitupu.

"Sukuma," akamwambia.

"Nimsukume nani, mama? Wote wakubwa zangu."

"Basi kaa hivyo hivyo. Mwaka huu utavaa majani."

Kumbe wenzake hawakuwa na haya kama yeye. Walimsukuma, akatoka kwenye mstari, akaangukia barazani na mkono wake ukadaka meza ya cherehani. Mashine ikasimama.

"Polepole, bibi," fundi akasema bila kuinua uso. "Hii mashine ndiyo mke wangu. Ukinivunjia, itabidi nikuoe wewe."

Alikuwa kijana mwembamba, mikono ya kanzu ameikunja mpaka viwikoni, tepe ya kupimia shingoni, sindano tatu amezichomeka kifuani. Alipoinua uso, Swaumu alitazama chini. Huyu binti maneno hayakumpungukia hata siku moja; tatizo ni kwamba yalifika kooni yakakaa hapo, kama wageni wanaoona haya kupiga hodi.

"Hujambo?" fundi akauliza. Akangoja. "Masikini, kumbe bubu."

"Si bubu," Bi Mwanajuma akajibu kutoka kwenye mstari. "Yeye ana haya, wewe una domo. Unaitwa nani?"

"Kitwana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Watu wa wapi?"

"Kurui."

"Nilijua tu."

Saa sita Bi Mwanajuma akatoka dukani na doti moja, nyekundu, yenye korosho nyeusi pembeni. Kitwana akaikata katikati. Kipande cha Bi Mwanajuma akakipinda pande zote mbili, mshono umenyooka kama mstari wa daftari. Kipande cha Swaumu akakipinda upande mmoja, akakikunja, akampa.

Swaumu akakikunjua. Akautazama ule upande uliokuwa bado unachanua nyuzi. "Na huu?"

"Ahaa, anasema. Huo uzi umeniishia. Uje kesho."

Bi Mwanajuma akakitazama kijiti cha uzi juu ya mashine, kinene kama dole gumba. "Uzi umeisha?"

"Huo ni wa wateja wengine, mama."

Kesho yake Swaumu alikwenda. Kupinda upande mmoja wa khanga ni kazi ya kumaliza kikombe cha chai, lakini Kitwana aliifanya mpaka adhuhuri. Alimsimulia habari za Kurui, za Mhindi mwenye duka, za mteja aliyeleta suruali ya marehemu itiwe kiraka kabla matanga hayajaisha. Swaumu alikaa kwenye gunia la korosho na khanga ya kale ameivuta mdomoni, akicheka ndani yake.

"Ukiniachia nguo nzima, utaondoka nayo na sitakuona tena," Kitwana akasema mwishowe, akikata uzi kwa meno. "Ndiyo maana nimekuachia upande mmoja. Mtu akiachiwa upande mmoja, hurudi."

Swaumu hakujibu. Alijibu siku ya tatu, alipokuja kumuaga: "Huu upande nao unafumuka." Ulikuwa haufumuki popote.

Miezi miwili baadaye washenga walifika Janga, wakakubaliwa.

Siku ya ndoa wanawake walimkalisha Swaumu juu ya kitanda, amefunikwa shela, mikono imepakwa hina, wakamfundisha jambo moja tu: asijibu. Mjomba wake, Mwalimu Husseini, aliyesomesha watoto Korani pale Janga na ndiye aliyepewa uwakala wa kumwoza, alikuja mlangoni na mashahidi wawili.

"Swaumu, unaniruhusu nikuoze kwa Kitwana bin Jumbe?"

Kimya.

Akauliza mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu Swaumu aliinamisha kichwa zaidi, moyo unampiga hata akaona bangili zinatikisika.

"Mwali amenyamaza," Mwalimu Husseini akawaambia mashahidi. "Ameniruhusu." Na nyumba nzima ikalipuka vigelegele.

Swaumu aliipenda sana ile ruhusa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kunyamaza kwake kulieleweka na watu wote.

Wakakaa Kisarawe, chumba kimoja nyuma ya duka. Usiku Kitwana alizoea kumuuliza, "Leo umefurahi?" na asubuhi, akiwa anawasha moto, Swaumu alimjibu, "Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ulichoniuliza jana."

"Wewe mke," Kitwana akacheka, "nikikuuliza Jumatatu jibu linakuja Ijumaa."

"Lakini linakuja, Fundi."

"Linakuja. Nami nitalingoja."

Walikaa hivyo miezi mitano. Kisha majina yakatakiwa bomani. Vijana wengine walipelekwa kukata mkonge kwa nguvu, na wengine waliandikwa Keya, jeshi la Waingereza, na Keya walikuwa wakitafuta mafundi wa kushona sare. Kitwana alirudi nyumbani amevua kofia, akaipakata mapajani.

"Nikikataa nitapelekwa mkonge," akasema. "Keya angalau nitashika sindano. Lakini sitaki kuondoka kama mwizi. Naomba ruhusa yako, mke wangu."

Swaumu alikuwa anachambua mchele. Hapana ilimjaa kifuani, kubwa, yenye mikono na miguu. Akaendelea kuchambua. Kitwana akamngoja. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, kisha akatabasamu, akaiga sauti ya Mwalimu Husseini: "Mwali amenyamaza. Ameniruhusu."

Swaumu aliinama zaidi juu ya ungo, na Kitwana hakuona kwamba mchele unalowana.

Alimrudisha Janga, akamwacha kwa Bi Mwanajuma, na kabla ya kwenda kupanda treni Ruvu alikaa kitambo na Mwalimu Husseini, wakaandika jambo. Swaumu aliiona kalamu ikitembea. Hakuuliza.

Barua zilikuja. Zilitoka Nairobi, kisha mahali pasipotajwa. Kitwana aliyajua maandishi ya kupimia nguo tu, kwa hiyo askari mwenzake ndiye aliyemwandikia, na huku Janga Mwalimu Husseini ndiye aliyesoma, barazani, mbele ya wanaume waliokuja kusikiliza habari za vita. Swaumu alisikilizia dirishani.

"Namsalimu mjomba wangu Mwalimu," Mwalimu alisoma. "Namsalimu mama yangu Bi Mwanajuma. Namsalimu Abdala muuza tumbaku. Namsalimu mzee Maneno na mbuzi wake aliyekula kofia yangu. Nawasalimu na wote nisiowataja."

Swaumu aliyahesabu majina kwa vidole. Barua ya pili, vile vile. Ya tatu, akaongezwa Tatu mjukuu wa mzee Maneno, mtoto wa kunyonya. Barua ya nne mbuzi alisalimiwa tena.

"Mama," akamuuliza Bi Mwanajuma siku moja kisimani, "mtu anaweza kumsahau mkewe akamkumbuka mbuzi?"

Bi Mwanajuma aliweka ndoo chini. Aliwahi kuachwa mara mbili, na kila alipoulizwa habari za wanaume alijibu kutoka huko. "Mwanangu, mimi nisiseme. Mbali ni mbali."

Masika ya kwanza yakanyesha. Masika ya pili yakanyesha, mto Ruvu ukafurika, ukapungua. Ndipo ikaja barua ya saba, fupi, na mwisho wake Mwalimu Husseini alishusha sauti: "Na ile karatasi niliyokuachia, mjomba, muda wake umefika. Msomee mwenyewe."

Jioni ile Mwalimu aliingia ndani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaketi kwenye kigoda, akaisoma polepole. Ilisema kwamba yeye, Kitwana bin Jumbe, akipitisha masika mawili hajarudi, na mke wake akitaka, basi talaka moja iko mkononi mwa mke wake.

"Hulazimishwi," Mwalimu akasema. "Aliandika kwa huruma. Alisema akifa huko, hapana atakayeleta maiti, hataki ukae unamngoja asiyekuwapo."

"Huruma," Bi Mwanajuma akasema kutoka mlangoni. "Mwanamume akikosa uso wa kumwacha mke, humwachia karatasi mtu mwingine."

"Mwanajuma, nyamaza. Swaumu, hili haliamuliwi kwa kunyamaza. Wewe si mwali tena. Unataka au hutaki?"

Swaumu aliwaza barua saba. Aliwaza mbuzi. Kitu kikamchoma, na kwa mara moja tu maneno hayakubisha hodi; yalitoka yenyewe.

"Nataka," akasema.

Mwalimu akaikunja karatasi. "Basi unaingia eda. Utakaa humu ndani. Damu ya tatu ikija, ndoa imekwisha. Kabla ya hapo, mumeo akija anaweza kukurejea kwa neno moja mbele ya mashahidi wawili, bila mahari wala khutuba. Na hutoki nje ila kwa ruhusa yake, maana bado uko chini yake."

Damu ya kwanza ilikuja. Ya pili ikaja. Swaumu alisuka mikeka, akajifunga khanga ile nyekundu mpaka korosho zake zikaanza kufutika, na kila siku iliyopita alizidi kulichukia lile neno lake moja.

Kitwana akaja mwezi wa nane. Alikuwa amepewa livu, likizo ya siku kumi na nne, kabla ya kuvushwa ng'ambo, na tano kati yake zilikuwa za njiani, kwenda na kurudi. Alitembea kutoka stesheni ya Ruvu na kofia yake ya jeshi yenye ukingo uliokunjwa upande mmoja, kaptura imepigwa pasi, viatu vinalia, mfuko begani. Watoto walimfuata wakiimba. Mwalimu Husseini alimpokea njiani, akamshika mkono, akamweleza.

Swaumu aliona kwa tundu la dirisha jinsi vile viatu vilivyoacha kulia. Kitwana alisimama katikati ya njia, akaushusha mfuko chini, akauchukua tena.

Hakuingia. Alilala kwa Mwalimu, mchana akaja kuketi barazani kwa Bi Mwanajuma kama mgeni, akanywa maji, akazungumza habari za mvua. Siku saba zikapita hivyo. Bi Mwanajuma ndiye aliyekuwa daraja, na daraja lenyewe lilikuwa bovu.

"Kasemaje?" Swaumu aliuliza.

"Kasema muhogo wa mwaka huu mchungu."

"Na mimi?"

"Hajakutaja."

Siku ya nane, alasiri, Bi Mwanajuma alikwenda kisimani. Tangu asubuhi Swaumu alikuwa anasikia kiuno kinamvuta, na alijua maana yake: zimebaki siku chache, pengine moja. Akasikia hatua barazani. Zikaja mpaka kwenye mlango wa chumba, zikasimama. Mlango ulikuwa wa makuti yaliyosukwa. Pumzi ya mtu ilipita.

"Hujambo?" Kitwana akasema.

Ni neno lile lile la barazani Kisarawe, na Swaumu, kama siku ile, akatazama chini.

"Najua upo. Nasikia bangili." Akakohoa. "Mama yako amenigombeza leo. Ati nilimsalimu mbuzi wa mzee Maneno. Swaumu, barua yangu anaiandika mwanamume mwingine, na kuisoma inasomwa mbele ya Abdala muuza tumbaku. Nikutaje wewe humo? Nimwambie mtu wa Tabora aandike jina la mke wangu, acheke, amwonyeshe mwenzake? Uliona wapi? Kila mtu niliyemtaja nilikuwa nakuzunguka wewe. Nilifika mpaka kwenye mbuzi kwa kuwa nilikuwa sina pengine pa kufika."

Swaumu alikaa chini nyuma ya mlango. Machozi yalianza, na kicheko kikaja juu yake, vikakutana mdomoni, akaziba kwa pindo la khanga.

"Na kuagiza usomewe ile karatasi," Kitwana akasema, "walituambia tunavuka bahari. Nikaona wenzangu wanaoacha wake wakilia wasijue kama wamefiwa au la. Sikutaka ufungwe na mtu aliye chini ya maji. Sikukusudia uitumie. Nilikusudia uwe nayo tu."

Nje, kuku alipita.

"Haya, yote yamekwisha. Kesho narudi. Nakuuliza. Unaniruhusu nikurejee?"

Ndiyo ilimjaa Swaumu kifuani kama jua. Akainamisha kichwa kwenye mlango. Alikuwa amerudi kwenye kitanda kile cha ndoa, na hina mikononi, na mashahidi wawili.

"Swaumu. Unaniruhusu?"

Mara ya pili, Swaumu akahesabu. Akatabasamu kwenye makuti.

"Nauliza mara ya mwisho, mke wangu. Unaniruhusu?"

Ya tatu. Ameuliza mara tatu, kama mjomba. Swaumu aliinama zaidi, bangili zikatikisika, akafumba macho akingoja asikie ile sauti ya utani: mwali amenyamaza.

Kitwana alingoja. Alingoja kitambo ambacho mtu anaweza kupinda upande mzima wa khanga. Kisha akasema, taratibu, "Haya," na hatua zake zikarudi barazani.

Amekwenda kutafuta mashahidi, Swaumu akawaza.

Akasikia Bi Mwanajuma amerudi na ndoo, na Kitwana anamwuliza, "Mama, una sindano na uzi mwekundu?"

"Unashona nini saa hizi?"

"Kuna kitu nilikibakiza."

Swaumu akacheka peke yake chumbani. Fundi ni fundi tu. Alikaa akisikiliza, na ingawa sindano haina sauti, alisikia mwisho wake uzi ukikatwa kwa meno.

Usiku hakulala kwa furaha. Alfajiri akaoga, akajipaka mafuta, akazisuka nywele mistari minne, akajifukiza udi kidogo uliobaki kwenye kopo tangu harusi. Akajifunga khanga yake nyekundu, akaketi kitandani kuwangoja mashahidi. Jua likapanda mpaka kizingitini.

Aliyeingia ni Bi Mwanajuma, peke yake, na khanga mpya imekunjwa mikononi.

"Umependeza," akasema kwa mshangao. "Unakwenda wapi?"

"Siendi, mama. Wako wapi?"

"Nani?"

"Mwalimu. Na mashahidi."

Bi Mwanajuma akaketi kitandani. "Mashahidi wa nini, mwanangu? Kitwana ameondoka. Ameaga alfajiri, anawahi treni ya saa sita. Hii kakuachia. Kasema aliinunua Mombasa."

Swaumu hakuipokea. "Ameondoka vipi? Ameniomba ruhusa jana. Nimempa."

"Umempa? Kasema hukumjibu."

"Nilinyamaza."

"Ulinyamaza."

"Mara tatu. Kama siku ya ndoa."

Bi Mwanajuma alimtazama kama mtu anayetazama chungu kinapasuka motoni. "Swaumu. Siku ya ndoa ulikuwa mwali. Mwali ndiye anayejibu kwa kunyamaza. Mwanamke aliyekwisha olewa hujibu kwa mdomo, mjomba wako hakukwambia siku ya karatasi?"

"Aliniambia habari ya talaka."

"Na kurejewa ni hivyo hivyo. Kitwana si lazima akuulize, sheria inamruhusu akurejee hata ukikataa. Lakini hakutaka. Unajua kasema nini? Kasema siku alipoomba ruhusa ya kwenda Keya ulinyamaza, akafikiri umeridhika, akaenda zake. Mimi ndiye niliyemwambia juzi kwamba ulilia siku tisa. Kasema, 'Mama, safari hii siuchukui ukimya wake nikaufanya ruhusa. Kuachwa alikutaka kwa mdomo. Kurejewa kanyamaza. Nimesikia.'"

Swaumu aliichukua khanga. Ilikuwa ya manjano, ina maua meusi, bado inanuka duka. Akaushika upande mmoja: umepindwa kwa mashine, vumbi la safari limeshika kwenye mshono. Akaugeuza upande wa pili. Ulikuwa umepindwa kwa mkono, uzi mwekundu, mishono midogo midogo iliyonyooka kama mstari wa daftari, na mwisho wake fundo lililokazwa sana.

Alikuwa ameileta kutoka Mombasa upande mmoja hajaupinda. Na jana ameumaliza.

Swaumu akainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Ruvu."

"Uko kwenye eda. Huna ruhusa ya kutoka."

"Wa kunipa ruhusa ndiye ninayemfuata," Swaumu akasema, na sauti yake ilikuwa kubwa hata Bi Mwanajuma akampisha mlangoni.

Hakuwa ametoka nje siku themanini, jua likampiga machoni. Alitembea nusu akikimbia, khanga ya manjano kifuani, miguu mitupu. Njia ya Janga kwenda stesheni ni ndefu, na alikuwa akisema neno lake njia nzima ili lisije likamkwama atakapofika: nirejee, nirejee, nirejee. Mashahidi hawatakosekana stesheni. Wauza muhogo watatosha.

Alikuwa amepita mashamba ya mpunga, ameuona mstari wa miti ya mto, ndipo kiuno kilipomvuta kwa nguvu. Akasimama. Akahisi kile ambacho mwanamke hukijua bila kutazama.

Alitazama, hata hivyo, akaingia kwenye magugu pembeni, akatazama.

Ya tatu.

Akarudi njiani, akaketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Hapakuwa na wa kumlaumu. Mwili wake mwenyewe umesema, tena umesema wazi, ukamtangulia.

"Nirejee," akasema kwa sauti.

Mwanamke mmoja aliyepita na tita la kuni kichwani akageuka mzima mzima. "Unasema na mimi, mwanangu?"

"Hapana, mama. Shikamoo. Nilikuwa namjibu mtu."

"Marahaba." Mwanamke akatazama mbele na nyuma. Njia ilikuwa tupu. "Mtu gani?"

"Amekwisha pita."

Mbali, kwa upande wa mto, treni ikapiga honi, ikapiga tena. Yule mwanamke akashusha kuni zake, akaketi pembeni yake bila kuuliza zaidi, mpaka mlio ulipokwisha.

Mwalimu Husseini aliandika barua jioni ile ile. Swaumu alimwambia maneno ya kuandika, naye akaandika yote, hata yaliyomtia haya: kwamba alinyamaza kwa furaha, kwamba ruhusa ilikuwapo, kwamba ndoa mpya inawezekana akiitaka, na mke yuko Janga. Akatia jina la Swaumu mwisho, wazi, alisome atakayelisoma. Barua ikapelekwa bomani Kisarawe, ikapelekwa inakopelekwa. Kitwana alikuwa amekwisha vushwa.

Jibu halikuja kabla ya vuli, wala baada yake. Masika yakanyesha, yakakatika. Wako askari waliorudi na wako ambao hawakurudi, na kuna waliobakia katikati, hawamo kwenye orodha yoyote. Swaumu alichumbiwa mara mbili. Mara zote mbili Mwalimu alimwuliza, naye alijibu kwa mdomo, upesi, kabla swali halijaisha: hataki.

Khanga ya manjano, aliporudi siku ile, aliiweka kando wiki nzima kabla ya kuigusa tena. Kisha siku moja, mchana, aliitandaza mapajani, akatafuta lile fundo jekundu, akaling'ata. Lilikuwa limekazwa kweli kweli. Akafumua mshono mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, asichane nguo, mpaka upande ule ukabaki wazi, unachanua nyuzi. Uzi wenyewe akauviringa kwenye kijiti, akauweka.

Ndiyo khanga anayojifunga kila aendapo kisimani.

"Bi Swaumu," wasichana humwambia, "khanga yako upande mmoja haujapindwa."

"Najua."

"Mpelekee fundi."

"Namngoja aje auone," husema, na kutwika ndoo yake.